Sumu ya Risasi Viwandani

Neno risasi huwakumbusha watu wengi bunduki. Lakini risasi ni jina la madini kwanza, na kile kitokacho katika mtutu wa bunduki kikaitwa hivyo kwa kuwa kilifanywa kwa madini hayo. Ni madini ya rangi ya kijivu, mazito kwa uzani, laini hata kisu kikaweza kuyakata, na mepesi kuyeyuka katika moto wa makaa. Kwa sababu ya wepesi huo yalipewa kazi nyingi tangu zamani. Warumi waliyafanya mabomba ya maji. Wachapaji waliyasubu kuwa herufi. Wafinyanzi waliyatia katika maji ya kung'arisha vyombo. Wapaka rangi waliyapata kuwa rangi nyeupe iliyofunika ukuta vizuri kuliko nyingine zote. Na leo sehemu kubwa sana ya risasi itumikayo duniani imo ndani ya betri za magari.

Madini haya ni sumu, na sumu yake ni ya polepole. Mwili wa binadamu hauna kazi nayo hata chembe. Ikisha kuingia hutembea katika damu, kisha hujificha mifupani, ambamo huweza kukaa miaka mingi. Mtu aliyeingiwa nayo hupauka uso, hupungukiwa na nguvu, na hukosa hamu ya chakula. Tumbo humsokota kwa maumivu makali huku choo kimefunga. Penye ufizi huenda ukatokea mstari wa rangi ya buluu iliyoiva, alama ambayo daktari Henry Burton wa London aliieleza mwaka 1840. Sumu ikizidi, mshipa wa mkono hushindwa kukiinua kiganja, nacho hubaki kikining'inia kama jani lililonyauka. Mwisho ni kifafa, upofu, kuchanganyikiwa akili, na kifo. Wanawake huharibu mimba, na watoto hudumaa akili hata kwa kiasi kidogo ambacho kwa mtu mzima kisingeonyesha dalili yoyote.

Mambo hayo hayakuwa siri. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliona jinsi mafundi wa risasi walivyopauka, akashauri maji ya kunywa yapitishwe katika mabomba ya udongo. Kwa hiyo swali la historia hii si lini watu walijua kwamba risasi inadhuru. Walijua. Swali ni nani aliyetakiwa kumlinda mfanyakazi na sumu hiyo. Na kwa muda mrefu jawabu lilikuwa kwamba ajilinde mwenyewe.

Mwaka 1700, tabibu mmoja wa Modena katika Italia, jina lake Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya maradhi ya watu wa kazi mbalimbali. Matabibu wa siku zile walizoea kuwahudumia wakuu. Yeye aliingia katika karakana za mafundi, akatazama. Aliwaona wafinyanzi waliosaga risasi kwa ajili ya kung'arisha vyombo, mikono yao ikitetemeka na kisha kupooza, meno yao yakipukutika. Akawashauri matabibu wenzake waongeze swali moja katika maswali wanayomwuliza mgonjwa: Unafanya kazi gani? Kwetu leo swali hilo laonekana dogo. Lakini miaka 200 baadaye, kama tutakavyoona, hospitali za mji mkubwa wa Marekani zilikuwa bado haziliulizi sawasawa.

Kuna pia habari ya Benjamin Franklin, ambaye watu humjua kwa siasa na kwa elimu ya umeme, lakini ambaye kwa kazi ya mikono alikuwa mchapaji. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake mwaka 1786, hali amekwisha kuwa mzee wa miaka 80, alikumbuka ujana wake katika chapa ya London. Alikuwa na desturi ya kupasha herufi motoni wakati wa baridi ili zisimgandishe vidole. Mzee mmoja wa kazi akamwonya aache, maana wenzake wawili walikuwa wamepotewa na nguvu za mikono kwa jambo hilohilo. Franklin aliacha. Tazama lakini ni nani aliyemwonya: si mwenye chapa, bali mfanyakazi mwenziwe. Elimu ya kujikinga ilipita kwa minong'ono, kutoka kwa fundi aliyenusurika hata kwa mwanagenzi mwenye bahati ya kusikia.

Karne ya kumi na tisa ilipoleta viwanda vikubwa, minong'ono haikutosha tena. Mjini Paris, mwaka 1839, daktari Louis Tanquerel des Planches alichapisha habari za wagonjwa zaidi ya 1,200 wa risasi waliopita katika hospitali moja tu, wengi wao wakiwa watu wa viwanda vya rangi nyeupe na wapaka rangi. Uingereza nayo ilikuwa na viwanda vya namna hiyo katika Newcastle, London na kwingineko, na yafaa tueleze kidogo jinsi vilivyofanya kazi, maana asiyeijua kazi yenyewe hawezi kuelewa ugomvi uliofuata.

Vibati vya risasi vilipangwa juu ya vyungu vyenye siki, na vyungu vikazungukwa na samadi au maganda ya miti yaliyochacha. Tabaka lilipangwa juu ya tabaka hata chumba kikajaa mpaka darini, kisha mlango ukafungwa kwa muda wa wiki nyingi. Joto na mvuke wa siki vilikula vibati hivyo, na chumba kilipofunguliwa risasi ilikuwa imegeuka kuwa magamba meupe. Magamba yaliondolewa, yakaoshwa, yakasagwa, yakakaushwa katika tanuri, na hatimaye yakatolewa humo yakiwa unga mkavu mweupe kama wa muhogo, uliopeperuka kwa kila hatua ya mguu. Kazi ya kubeba na ya kuingia katika tanuri ilikuwa ya wanawake. Walibeba vichwani, na wengi walikuwa vibarua wa siku moja moja, waliokwenda huko kwa kuwa hapakuwa na kwingine. Charles Dickens aliwakuta baadhi yao katika vitongoji maskini vya mashariki ya London mnamo mwaka 1868, akaandika habari zao. Jambo lililomshangaza ni kwamba walijua fika kilichokuwa kikiwangojea, na bado walikwenda, kwani njaa ilikuwa karibu zaidi kuliko sumu.

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria juu ya viwanda hivyo mwaka 1883. Sheria iliamuru madirisha ya kutosha, mahali pa kuoga, nguo za juu, vitambaa vya kuziba pua, na kinywaji cha chachu kilichodhaniwa kuivunja sumu tumboni. Ukiitazama orodha hiyo kwa makini utaona kwamba karibu kila kitu ndani yake kinamhusu mfanyakazi: aoge, avae, ajizibe, anywe. Vumbi lenyewe liliachwa lipeperuke. Basi akiugua mtu, msimamizi alikuwa na neno tayari: hakunawa. Neno hilo lilikuwa na raha yake, kwa kuwa halikumgharimu tajiri senti moja.

Mabadiliko yalianza na jambo lisilovutia macho, nalo ni kuhesabu. Kwa sheria ya mwaka 1895, kila daktari katika Uingereza aliyemwona mgonjwa wa risasi aliyeipata kazini alilazimika kumwarifu Mkaguzi Mkuu wa Viwanda. Mwaka 1898 serikali ikamteua daktari wa kwanza kuwa mkaguzi wa viwanda, Thomas Morison Legge. Legge alikuwa amezaliwa Hong Kong mwaka 1863, mwana wa mmisionari aliyesifika kwa kufasiri vitabu vya Kichina. Mwaka uleule wa 1898 wanawake walikatazwa kufanya zile kazi za hatari katika viwanda vya rangi nyeupe. Katazo hilo liliwaokoa wengi, ingawa lilikuwa pia njia rahisi kwa serikali: badala ya kuondoa sumu mbele ya watu, iliwaondoa watu fulani mbele ya sumu, na wanaume wakaingia mahali pao.

Legge hakuridhika na njia rahisi. Taarifa za madaktari zilipomfikia, hakuzijumlisha tu na kuziweka kabatini. Kwa kila mgonjwa aliuliza: alifanya kazi katika chumba kipi, mbele ya mashine ipi, kwa muda gani? Mwaka 1900 taarifa zilizidi 1,000 kwa nchi nzima. Akizifuata moja moja mpaka viwandani, aliona kwamba wagonjwa hawakutawanyika ovyo kama ambavyo wangetawanyika iwapo sababu ingekuwa uchafu wa mtu binafsi. Walikusanyika pale palipokuwa na vumbi au moshi: mlangoni mwa tanuri, penye kusaga, penye kuyeyusha. Mtu aliyeshika donge la risasi iliyolowa kutwa nzima aliweza kuwa na afya kuliko msafi wa nguo aliyesimama karibu na unga mkavu. Mwenziwe, Kenneth Goadby, akafanya majaribio kwa wanyama, na yote mawili yakakubaliana kwamba njia kuu ya sumu kuingia mwilini viwandani ni pumzi. Walitoa kitabu chao mwaka 1912.

Kutoka katika ugunduzi huo Legge alipata kanuni ambayo naiona kuwa moyo wa habari hii yote. Alisema kwamba mwajiri asipotimiza kwanza kila liwezekanalo, mfanyakazi hawezi kufanya lolote la maana kwa ajili ya nafsi yake, hata awe na nia njema kiasi gani. Kinga ya kweli ni ile isiyongojea kumbukumbu wala uangalifu wa mtu aliyechoka. Mtu hawezi kuacha kuvuta pumzi. Kwa hiyo mashine ya kusagia ifunikwe. Juu ya sufuria ya risasi inayochemka pawekwe kofia ya bati na bomba lenye feni ya kuvutia moshi nje. Unga ulowanishwe kabla ya kusogezwa. Sakafu imwagiwe maji, isifagiwe kavu. Na panapowezekana, risasi iachwe kabisa na kitu kingine kitumike. Wafinyanzi wa Uingereza, mathalani, walilazimishwa polepole kuyeyusha risasi pamoja na mchanga wa kioo kabla ya kuisaga, ili isiyeyuke kwa urahisi tumboni, na baadhi yao wakapata namna ya kung'arisha vyombo bila risasi yoyote. Kunawa na kubadili nguo hakukufutwa. Kuliwekwa mahali pake, baada ya hayo. Ilipokaribia Vita Kuu ya kwanza, hesabu ya wagonjwa kwa mwaka ilikuwa imeshuka hata kufikia karibu nusu ya ile ya mwaka 1900.

Ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1910 ulifanyika mkutano wa kimataifa wa maradhi ya kazini mjini Brussels, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo daktari mwanamke wa Marekani, Alice Hamilton. Wajumbe wa Ulaya walimwuliza ni watu wangapi huugua kwa risasi nchini kwake, na sheria zasemaje. Hakuwa na la kujibu, si kwa ujinga wake, bali kwa kuwa hapakuwa na aliyehesabu. Afisa mmoja wa Ubelgiji akatamka mbele ya watu kwamba elimu ya afya ya viwandani katika Marekani haipo.

Hamilton alikuwa amezaliwa mwaka 1869, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893. Aliishi Chicago katika Hull House, nyumba iliyoanzishwa na Jane Addams ili kuwasaidia maskini na wageni wa mji ule, na majirani zake walikuwa Wapolandi, Waitalia, Wabulgaria na wengineo waliofanya kazi ambazo wenyeji walizikataa. Mwaka huohuo wa 1910 jimbo la Illinois lilimkabidhi kazi ya kuchunguza sumu viwandani, naye akaichagua risasi.

Kazi ilikuwa ngumu kwa namna ambayo mkaguzi wa Uingereza asingeijua. Hamilton hakuwa na amri ya kuingia kiwandani. Aliingia kwa hisani ya mwenyewe. Wafanyakazi hawakusema, wakiogopa kufukuzwa, na aghalabu hawakujua Kiingereza. Alipofungua vitabu vya hospitali, alikuta majina ya wageni yameandikwa vibaya hata hayatambulikani, na penye nafasi ya kazi pameandikwa "kibarua" basi. Hapa ndipo swali la Ramazzini lilipokuwa limepotea. Kwa hiyo Hamilton alizunguka kwa miguu. Aliwauliza wauza dawa, mapadri, viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Alipanda ngazi za nyumba za kupanga pamoja na mkalimani, akakaa jikoni mwa wake wa wagonjwa. Kwa njia hiyo aligundua kazi zaidi ya 70 zilizotumia risasi, nyingine zisizoshukiwa na mtu. Mojawapo ilikuwa kuvipaka vyombo vya kuogea ule mng'aro mweupe: fundi alilinyunyizia beseni la chuma lililokuwa jekundu kwa moto unga wenye risasi, na hewa yote ikajaa unga huo.

Matajiri aliokutana nao hawakuwa wote wabaya, na yeye mwenyewe alikataa kuwaona hivyo. Kisa chake na Edward Cornish, mkubwa katika kampuni kubwa ya risasi iliyoitwa National Lead Company, chafaa kusimuliwa. Hamilton alimwambia waziwazi kwamba watu wake walikuwa wakivuta sumu. Cornish alikasirika, akawaita wasimamizi wake, nao wakashuhudia kwamba hakuna mgonjwa hata mmoja. Hata hivyo alimwahidi kwamba akithibitisha, atatenda atakaloambiwa. Hamilton akaenda, akarudi na habari za watu 22 wa viwanda vyake walioandikwa na madaktari kuwa wameugua kwa risasi. Cornish akatimiza ahadi: akaweka mitambo ya kuvuta vumbi na moshi, akaajiri madaktari wa kuwakagua wafanyakazi. Wasimamizi wake hawakuwa wamesema uongo wote. Mgonjwa aliyezidiwa hakuonekana tena kazini, mwingine akachukua koleo lake, na asubuhi ya pili idadi ilikuwa ileile. Kiwanda kisichohesabu waliotoka huonekana kila siku kina watu wazima wa afya.

Illinois ilipitisha sheria juu ya maradhi ya kazini mwaka 1911, na majimbo mengine yakafuata. Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Harvard, ambacho hakikuwa na mwalimu mwanamke hata mmoja, kilimwita Hamilton kufundisha, kwa sharti kwamba asiingie katika klabu ya walimu wala asiandamane nao siku ya kutoa shahada. Alikubali, maana somo lenyewe halikuwa na mwalimu mwingine wa kiasi chake.

Turudi Uingereza, kwani hesabu ya Legge ilikuwa haijaisha. Viwanda vilikuwa vimetengenezwa, lakini wapaka rangi hawakuwa na kiwanda. Kazi yao ilikuwa leo katika nyumba hii, kesho katika ile, na hatari yao kubwa ilikuwa kusugua kwa msasa mkavu rangi iliyokwisha kukauka, ambapo vumbi la risasi liliwafunika uso. Huwezi kumwekea mpaka rangi bomba la kuvuta hewa katika kila chumba aingiacho. Dawa ilikuwa moja, kutumia rangi nyingine, kama ile ya zinki. Na Ufaransa ilikwisha kupitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1909. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilikutana Geneva, Legge akiwa miongoni mwa wajumbe wa Uingereza, na baada ya ubishi mkubwa likakubali mapatano yaliyokataza rangi nyeupe ya risasi katika kupaka ndani ya nyumba, isipokuwa mahali pachache, na kuwakataza wanawake wote na vijana wa chini ya miaka 18 kuishika katika kazi ya kupaka.

Serikali ya Uingereza haikuyathibitisha mapatano hayo. Wenye viwanda vya risasi walipinga, na wakati huo ulikuwa umepatikana msasa usioharibiwa na maji, ambao kwao rangi iliweza kusuguliwa ikiwa imelowa. Mwaka 1926 Bunge likapitisha sheria yake lenyewe, ya kudhibiti vumbi bila kuikataza rangi. Mtu aweza kusema kwamba hiyo nayo ilikuwa hatua. Legge hakuona hivyo. Alikuwa ametumikia miaka 28, amepewa heshima ya kuitwa Sir mwaka mmoja tu kabla, na mbele yake palikuwa na pensheni na utulivu. Alijiuzulu. Akaenda kuwa mshauri wa udaktari wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, kazi aliyoifanya hadi alipofariki mwaka 1932. Wako wanaodhani alizidisha ukali. Mimi naona kwamba mtu aliyetumia maisha yake kuthibitisha kuwa kinga haipaswi kutegemea uangalifu wa mfanyakazi, asingeweza kutia sahihi yake katika sheria iliyomtegemea mpaka rangi, peke yake chumbani, alowanishe ukuta.

Wakati huohuo risasi ilipata mlango mpya. Kemia wa Marekani walikuwa wamegundua kwamba risasi ya namna fulani ikitiwa katika petroli huifanya injini ikimbie bila kugonga. Oktoba 1924, katika kiwanda kimoja huko New Jersey, wafanyakazi watano waliokuwa wakiitengeneza walipatwa na wazimu wakafa katika muda wa siku chache. Mwaka uliofuata Hamilton alisimama katika mkutano ulioitwa na serikali mjini Washington akaomba dawa nyingine itafutwe. Hakusikilizwa, na petroli yenye risasi ikaenea dunia nzima. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho kuiacha katika magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Tangazo la kwisha kwake lilitolewa Nairobi na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Alice Hamilton alifariki Septemba 1970, ana umri wa miaka 101. Miezi mitatu baadaye Marekani ilipata sheria ya nchi nzima ya usalama kazini, na kanuni ya risasi iliyotoka chini ya sheria hiyo mwaka 1978 iliamuru hewa ya kiwanda ipimwe, na damu ya mfanyakazi ipimwe, na mtu ambaye damu yake imezidi kipimo aondolewe penye sumu bila kupunguziwa mshahara. Sharti hilo la mwisho ni la busara kubwa. Bila hilo, mgonjwa huficha ugonjwa wake ili asikose chakula cha watoto.

Hata leo husikia watu wakisema kwamba anayeshika rangi au betri akinywa maziwa atasalimika. Maziwa ni chakula chema, na mtu mwenye njaa hudhurika upesi zaidi kuliko aliyeshiba. Lakini maziwa huenda tumboni, na vumbi huenda mapafuni. Imani hiyo ni ndugu wa kile kinywaji cha chachu cha mwaka 1883.

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayomtwika mwajiri wajibu wa kulinda afya ya watu kazini mwake. Mwaka huohuo, katika Mombasa, kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, kando kabisa ya kijiji cha Owino Uhuru chenye wakazi wapatao 3,000. Betri ilipasuliwa, sahani zake zikatiwa tanuri, moshi ukatanda juu ya mabati ya nyumba, na maji machafu yakapita katika njia za watoto. Baadhi ya wanakijiji walifurahi kupata kibarua karibu na nyumbani. Walirudi jioni na vumbi katika nguo zao.

Mwaka 2009 mama mmoja kijana, Phyllis Omido, aliajiriwa katika kiwanda hicho, na moja ya kazi zake ikawa kusimamia taarifa ya athari za kiwanda kwa mazingira. Taarifa ilionyesha hatari, naye akashauri kiwanda kihamishwe. Wakubwa wake wakamwondoa katika kazi hiyo. Kisha mwanawe mchanga akaugua. Alitibiwa malaria, akatibiwa homa ya matumbo, asipone, mpaka damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi nyingi. Mtoto hakuwa amekanyaga kiwandani. Sumu ilimfikia katika maziwa ya mama yake. Omido aliacha kazi, akafanya kama Hamilton alivyofanya Chicago: alikwenda nyumba kwa nyumba, akawatafuta wengine, akapeleka watoto wapimwe. Alikamatwa mwaka 2012 kwa sababu ya maandamano, kisha mahakama ikamwachia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman, itolewayo kwa watetezi wa mazingira.

Wanakijiji walikwenda mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikiona kwamba lawama si ya wenye kiwanda peke yao bali pia ya ofisi za serikali zilizopasa kukizuia. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Siku hiyo miaka kumi ilikuwa imepita tangu kiwanda kufungwa, na mtoto aliyekuwa akinyonya katika Owino Uhuru mwaka 2009 alikuwa amefikia umri wa kuketi darasani katika shule ya sekondari.